Anodaizi ya Nyumbani Malindi: Ubovu Uko kwenye Pawa Saplai au kwenye Beseni?

Msimu wa kaskazi, boti za Malindi zinapotoka kufuata sulisuli na nduaro, rili za mishipi huletwa kwa mafundi zikiwa na mikono iliyovunjika, virungu vilivyolika na nati zilizopotea. Kipuri cha kiwandani ni ghali na hukawia kufika, kwa hiyo wengi wetu tunakereza chetu kwa alumini. Lakini kukereza ni nusu ya kazi. Alumini tupu ikipigwa na maji ya chumvi huota unga mweupe, kisha vishimo, na mteja hurudi amenuna. Kinga yake ni anodaizi: kipande kinatundikwa ndani ya asidi ya salfa iliyopunguzwa makali, kinapitishiwa umeme wa DC (unaokwenda upande mmoja tu) kikiwa upande wa chanya, na ngozi ngumu ya oksidi inaota juu yake. Ngozi hiyo ina vinyweleo vinavyokunywa rangi, ndiyo maana rili nzuri huwa za dhahabu, buluu au nyeusi.

Umeme huo unatoka kwenye pawa saplai ambayo fundi anaweza kuijenga mwenyewe, na kazi ikiharibika saplai ndiyo inayolaumiwa kwanza. Kuna watu wamebadilisha daiodi, wakabadilisha kapasita, wakanunua transfoma nyingine, na kumbe ubovu ulikuwa kwenye kipande cha waya wa kutundikia. Ninachokisisitiza kwa kila fundi anayeniuliza ni hiki: kabla hujafungua skrubu hata moja, soma mita ya ampea na mita ya volti kwa pamoja. Moja peke yake haitoshi. Zikisomwa pamoja zinakuonyesha kama ugonjwa uko ndani ya boksi la saplai au ndani ya beseni la asidi.

Saplai yenyewe na kiasi kinachotakiwa

Nazungumzia saplai ndogo ya vipande vidogo. Transfoma inashusha volti 240 za ukutani hadi 18 AC, yenye uwezo wa ampea 3 hadi 5. Baada yake ni daraja la daiodi nne linalonyoosha AC kuwa DC, kisha kapasita ya mikrofaradi 4700 au zaidi iliyoandikwa volti 50. Volti 18 za AC zikishanyooshwa na kushikwa na kapasita hupanda hadi kilele chake, yaani 18 mara 1.41, ukitoa volti moja na nusu hivi inayopotea kwenye daiodi. Unapata kama 24 saplai ikiwa haijabeba kitu.

Halafu inakuja sehemu ambayo wengi huiruka, nayo ni ya kushikilia ampea. LM317, chipu ndogo ya miguu mitatu, inatosha. Unaweka rezista moja kati ya mguu wa kutoa na mguu wa kurekebisha, na waya wa kwenda kwenye beseni unauchukua kwenye mguu wa kurekebisha. Chipu hii hushikilia volti 1.25 juu ya rezista hiyo, kwa hiyo ampea ni 1.25 ukigawa kwa omu za rezista. Omu 1.8 inakupa karibu ampea 0.7, omu 1 inakupa 1.25. Weka swichi ya kuchagua rezista mbili tatu za wati 5 kila moja, na kazi nyingi za rili utazimaliza.

Kwa nini ampea ndogo hivyo? Kwa sababu alumini hutaka ampea 1.2 hadi 1.5 kwa kila desimita mraba ya uso wa kipande. Chukua kirungu cha mkono wa rili chenye kipenyo cha milimita 30 na urefu wa milimita 40. Ubavu wake ni sentimita mraba 37.7, ncha zake mbili ni 14.1, jumla karibu 52, yaani desimita mraba 0.52. Zidisha kwa 1.3, unapata ampea 0.68. Ndiyo yote. Transfoma ya maikrowevu iliyosukwa upya ili itoe ampea 30 haina kazi hapa, na maikrowevu yenyewe ina kapasita inayoweza kumuua mtu hata ikiwa imechomolewa ukutani. Iache.

Muda nao unahesabika. Chukua unene unaoutaka kwa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita), zidisha kwa 3, gawa kwa ampea za kila desimita mraba. Mikroni 10 kwa ampea 1.3 ni kama dakika 23. Ukitaka rangi nyeusi iliyokolea, ongeza unene.

Wengine wanatumia chaja ya laptopu ya volti 19 pamoja na ile moduli ya kushusha volti ya XL4015 yenye skrubu mbili za kurekebisha, moja ya volti na moja ya ampea. Ni njia nzuri na rahisi kwa mfuko. Ina ugonjwa wake ambao nitaufikia.

Jambo moja halina mjadala. Kati yako na ukuta lazima kuwe na transfoma yenye koili mbili zisizogusana, au chaja iliyojengwa hivyo. Dima ya feni na variaki (transfoma ya koili moja yenye kitasa cha kuzungusha) zinapunguza volti lakini hazikutengi na umeme wa ukutani, na beseni la asidi linageuka kuwa waya ulio hai. Kipimo chake ni chepesi: chomoa plagi, washa swichi ya boksi, weka mita kwenye omu, gusa miguu ya plagi na nguzo za kutolea umeme. Mita isionyeshe njia yoyote. Boksi la chuma na kiini cha transfoma vifungwe kwenye waya wa athi. Miwani na glavu vivaliwe kabla ya chupa ya asidi kufunguliwa, na asidi ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi.

Mita za kazi nzima zinavyokwenda

Ukiwasha, ampea zinakwenda moja kwa moja kwenye kiwango ulichochagua na kutulia hapo. Volti zinaanza chini, halafu unaona namba zikipanda haraka ndani ya dakika moja au mbili za mwanzo, kwa sababu ngozi inaota na ngozi hiyo inazuia umeme. Kisha kasi inapungua. Kwa beseni lenye ubaridi wa nyuzi 20 hivi, zitatulia kati ya 12 na 16, zikiendelea kupanda polepole hadi mwisho. Viputo vingi vinatoka kwenye bamba la hasi, la risasi au la alumini. Hiyo ni gesi ya hidrojeni, kwa hiyo fanya kazi palipo na upepo na usivute sigara karibu. Kipande chenyewe hutoa viputo vichache sana.

Anayetumia betri ya gari peke yake ataona kinyume: volti zimesimama pale pale, ampea zinaanza juu na kushuka. Huo si ubovu. Ila volti 12.6 za betri ni chache kwa beseni baridi, na ngozi huota kwa kusuasua. Mafundi wengine huunganisha betri mbili na kupitisha umeme kwenye balbu za gari ili kuzuia ampea. Balbu ya breki ya volti 12 na wati 21 hupitisha ampea 1.75 hivi inapowaka kikamilifu. Inafanya kazi, na ubaya wake ni kwamba huwezi kuchagua kiwango kwa usahihi.

Sasa tuje kwenye dalili.

Mita zote mbili zimelala

Umewasha, hakuna kitu. Toa klipu kwenye beseni kwanza. Mita ya volti ikiwa bado ni sifuri huku klipu ziko hewani, basi ubovu uko ndani: fyuzi, swichi, soketi ya ukutani, au waya wa transfoma uliokatika. Fuata umeme hatua kwa hatua, kwanza AC ya 18 inayotoka kwenye transfoma, kisha DC ya 24 juu ya kapasita, kisha nguzo za kutolea. Mahali unapopotea ndipo penye tatizo.

Volti zikiwepo hewani, fanya jaribio ambalo naliona lina thamani kuliko mengine yote: gusanisha klipu mbili. Saplai inayoshikilia ampea haidhuriki kwa shoti ya sekunde chache. Mita ya ampea inatakiwa ionyeshe kile kiwango ulichochagua, 0.7 au chochote kile, na volti zishuke karibu na sifuri. Ikionyesha hivyo, funga boksi lako, saplai ni nzima, nenda ukatafute kwenye beseni. Jaribio hili usilifanye kwenye betri isiyo na kizuizi. Hapo klipu zitayeyuka mkononi mwako.

Ampea zinaanguka, volti zinaruka hadi mwisho

Hii ndiyo dalili inayoleta watu wengi. Kazi inaanza vizuri, ampea 0.7, volti zinapanda, halafu ghafla volti zinaruka hadi 20 na kitu na ampea zinashuka karibu na sifuri. Mara nyingine inatokea ndani ya dakika ya kwanza, mara nyingine katikati ya kazi.

Kijana mmoja wa Barani alikuja na boksi lake kwapani. "Ami, saplai imekufa," akasema. Nikamuuliza, "Kipande ulikitundika kwa nini, mwanangu?" Akajibu, "Kwa waya uleule, ni alumini safi." Tukagusanisha klipu zake, mita ikasimama pale pale alipoiweka. Kisha nikachukua waya wake nikaweka ncha za mita ya omu juu yake, moja huku na moja kule, bila kukwaruza. Mita haikuonyesha njia. Nikakwaruza kwa tupa sehemu mbili, nikagusa tena: sifuri. Waya wenyewe ulikuwa umeshavikwa ngozi katika kazi iliyotangulia.

Kila kilicho cha alumini na kimezama upande wa chanya kinaota ngozi, waya wa kutundikia ukiwemo, na ngozi hiyo haipitishi umeme. Kwa hiyo kila kazi inataka waya mpya, au uliokwanguliwa kwa tupa hadi ung'ae, au uliochovywa kwenye kostiki soda hadi ngozi itoke na kusuuzwa vizuri. Msasa laini hauaminiki. Ngozi ni ngumu na msasa unateleza juu yake huku waya ukionekana unang'aa.

Sababu ya pili ni waya kulegea. Ukizungushia tu waya kwenye kirungu, asidi inaingia kati ya waya na kipande, ngozi inaota hapo katikati, na mgusano unafungwa. Mgusano lazima ubane kiasi cha asidi kukosa pa kupita. Kipande chenye tundu la nyuzi za skrubu ni rahisi kuliko vyote: kata nyuzi kwenye kijiti cha alumini, kikaze ndani ya tundu kwa koleo, na tundu lenyewe linakuwa limekingwa. Kipande kisicho na nyuzi kinataka waya mnene ulioviringwa kama springi na kuingizwa kwa nguvu ndani ya tundu ili usukume kuta kutoka ndani. Ukishatundika usikiguse tena. Mtu akisogeza kipande ili "aone kinaendeleaje", mgusano unahama kutoka chuma kitupu hadi ngozi, na ampea zinaanguka hapo hapo.

Mgusano ukifunga nusu, umeme wote unapita kwenye kidoa kidogo kilichobaki. Ukitoa kipande utakuta alama ya kuungua pale waya ulipogusa, kidoa cheusi chenye ukingo uliolika. Ukikiona hicho, usibadilishe chochote kwenye saplai.

Sababu ya tatu iko nje ya asidi, nayo kwetu pwani ni ya kila siku: klipu. Hewa ya chumvi na mvuke wa asidi huzila klipu za chuma kwa ndani, pale waya ulipobanwa, mahali usipopaona. Kipimo chake ni kutafuta volti zinazopotea njiani. Kazi ikiwa inaendelea, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya chanya ya saplai na nyingine kwenye waya wa kutundikia, juu ya asidi. Kwa ampea moja, usomaji uwe sehemu ndogo ya volti. Ukikuta nusu volti au zaidi, sogeza ncha kiungo kwa kiungo mpaka uone volti zinapobaki. Solda klipu kwenye waya, usibane tu, na saplai iwekwe upande upepo unakotoka, isiwe juu ya beseni. Kaskazi ikigeuka kuwa kusi, meza nayo igeuzwe.

Ampea ziko sawa, volti zimekwama chini

Ampea 0.7 kama ulivyochagua, lakini volti zinabaki kwenye mbili tatu na hazipandi. Umeme unapita, ngozi haioti. Maana yake umepata njia nyingine.

Zikiwa karibu na sifuri kabisa, kipande kinagusa bamba la hasi. Zikiwa chache lakini si sifuri, angalia ni chuma gani kingine kimezama upande wa chanya. Waya wa shaba ukiingia kwenye asidi hauoti ngozi ya kuzuia. Unayeyuka na kuchukua umeme wote, na maji yanaanza kuwa na ubuluu. Boliti ya chuma, springi ya klipu iliyozama kidogo, pini ya stenlesi iliyosahauliwa ndani ya kipande, vyote vina tabia hiyohiyo. Ndani ya asidi upande wa chanya kuwe na alumini peke yake (titani nayo inafaa kwa kutundikia).

Au umegeuza nyaya. Hapa bamba la risasi linakusaidia kutambua: likifanywa chanya ndani ya asidi ya salfa hugeuka rangi ya kahawia, kwa kuwa linaota oksidi ya risasi. Ukilitoa ukaona kahawia iliyokolea, nyaya ziko kinyume. Ukitumia bamba la alumini jihadhari, kwa sababu likigeuzwa linaota ngozi lenyewe na volti zitapanda kama kawaida, mita zote mbili zikikudanganya. Tazama viputo. Vikitoka kwa wingi kwenye kipande na vichache kwenye bamba, zima, geuza nyaya, na bamba likwanguliwe kabla ya kurudi kazini.

Ampea zinapanda na kushuka zenyewe

Mwanzo wa kazi LM317 hufanya kazi ngumu kuliko mwisho. Beseni linataka volti 8, kapasita ina 22, na tofauti hiyo inabaki kwenye chipu ikiwa joto: karibu wati 9 kwa ampea 0.7. Bila bapa kubwa la kupoozea, chipu hujizima kwa kujilinda, ikipoa inajiwasha, na mita inacheza. Ukiweka kidole karibu utahisi moto wenyewe. Ongeza bapa, weka feni ya kompyuta. Ukifunga chipu kwenye bapa, kumbuka mgongo wake wa chuma umeungana na mguu wa kutoa. Bapa likigusa boksi, na boksi liko kwenye athi, unaanza kuona mambo ya ajabu yasiyoelezeka. Weka kipande cha mika, kisichopitisha umeme, na bushi ya plastiki, kisha hakikisha kwa mita ya omu.

Kwenye moduli ya XL4015 ugonjwa ni mwingine: ampea hazishikiliki kabisa, zinaenda juu hata ukizungusha skrubu hadi mwisho. Moduli hiyo hupima ampea kwa rezista ndogo iliyo kati ya hasi ya kuingia na hasi ya kutoka. Ukiziunganisha hasi hizo mbili, kwa waya, kwa boksi, au kwa mita ya paneli iliyochukua umeme wake upande wa kuingia, umeiruka rezista hiyo na moduli haioni tena ampea. Mita ya paneli ipewe umeme wake peke yake, au iunganishwe yote upande wa kutoka.

Chaja ya laptopu inayowaka na kuzima taa yake kwa mapigo imezidiwa. Inajikata, inajaribu tena, inajikata. Chanzo ni kuipeleka kwenye beseni bila kizuizi cha ampea, kwa sababu kipande kisicho na ngozi bado ni karibu na shoti. Saplai ya kompyuta ya mezani, ile inayowashwa kwa kugusanisha waya wa kijani na mweusi, nayo huzima mara moja kwa sababu hiyohiyo.

Fyuzi inakatika ukiwasha tu

Transfoma ya wati 100 inachukua chini ya nusu ampea ukutani, kwa hiyo fyuzi ya ampea 1 ya aina ya polepole inatosha. Ya aina ya haraka itakatika kwa mshtuko wa kapasita inayojaa, bila ubovu wowote. Ikikatika hata ya polepole, usiweke kubwa zaidi. Tafuta balbu ya zamani ya uzi ya wati 60, iunganishe kwa msururu na waya wa kuingilia, washa. Ikimulika mara moja na kufifia, saplai haina shoti. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti: mara nyingi daiodi ya daraja. Zima, chomoa, subiri kapasita iishe kupitia rezista ya omu 100 ya wati 5, kisha pima kila daiodi. Nzima husoma 0.5 hadi 0.7 upande mmoja na haisomi kitu upande mwingine. Iliyokufa kwa shoti husoma karibu sifuri pande zote.

Transfoma inavuma, ampea hazifiki mwisho

Hewani volti 24, nzuri. Ukiweka kazi, mwanzo ampea zinatosha, lakini volti za beseni zikikaribia 14 ampea zinaanza kupungua. Transfoma inavuma na kuwa moto kuliko ilivyozoea. Hapo daiodi moja imekatika ndani na saplai inatumia nusu ya wimbi, au kapasita imekauka, ambalo ni jambo la kawaida kwa kapasita kuukuu zilizotolewa kwenye redio. Pima AC juu ya kapasita kazi ikiendelea. Ukikuta volti kadhaa za AC, badilisha. Mita za bei ya chini zina hila yake: baadhi zikiwekwa AC na kupewa DC safi husoma namba kubwa ya uongo. Geuza ncha. Ikisoma kubwa upande mmoja na sifuri upande wa pili, hiyo ni DC tu.

Mita zinasema sawa, kipande ni kibaya

Hapa saplai haina hatia, na hapa ndipo Malindi yenyewe inapoingia.

Ngozi inayotoka kama unga ukiipangusa kwa kidole ni ya beseni lenye joto. Beseni linataka nyuzi 18 hadi 22. Likipita 25 hivi, asidi inaila ngozi karibu kwa kasi ileile inayoota. Wengi hudhani umeme ndio unaopasha. Hesabu: volti 16 kwa ampea 2 ni wati 32, na kwa nusu saa zinapandisha lita 5 za asidi kwa nyuzi 3 tu. Adui mkubwa ni chumba, ambacho mchana wa kaskazi kina nyuzi 30 na zaidi. Kanunue barafu ya samaki, iweke kwenye karai pamoja na maji, na ndoo ya asidi ikae ndani ya karai. Barafu isiingie kwenye asidi. Fanya kazi alfajiri ukiweza.

Vishimo vidogo vyeusi vilivyotapakaa ni chumvi. Kloridi kidogo tu ndani ya beseni hutoboa ngozi inapoota. Maji ya kisima cha karibu na ufuo yana chumvi, na maji ya bomba yanayotoka kwenye mtambo wa Baricho yametiwa dawa ya klorini. Kwa beseni tumia maji ya betri ya kuongezea, yale yasiyo na asidi. Kwa asidi mpya ya betri, ujazo mmoja kwa ujazo mmoja na nusu wa maji unakupa takriban gramu 180 hadi 190 kwa lita, kiwango kizuri. Asidi iliyomwagwa kutoka betri iliyochakaa usiitumie, ina takataka. Na kipande kilichotoka kwenye boti kioshwe kwa maji yale yale ya betri baada ya sabuni, kwa kuwa chumvi imejificha kwenye nyuzi zake.

Madoa yasiyokunywa rangi yana umbo la vidole: ni mafuta ya mkono. Kipande kizima kinachokunywa rangi hafifu kina ngozi nyembamba, au kilichovywa kwenye maji moto kabla ya rangi, na vinyweleo vikajifunga. Rangi kwanza, maji yanayokaribia kuchemka baadaye.

Kipande kinachotoka kijivu cheusi hata ukifanya nini ni alumini ya kusubu yenye silikoni nyingi. Miili ya rili za zamani na sehemu nyingi za injini za boti ni za namna hiyo. Mwambie mteja mapema. Kwa kukereza tafuta alumini ya aina ya 6061, au fremu za madirisha ambazo kwa kawaida ni 6063, ukivua kwanza ngozi au rangi yake.

Kuvua na kurudia

Kazi mbaya huvuliwa kwa kostiki soda na kuanza upya, lakini kila kuvua kunakula chuma. Ngozi ya mikroni 10 huinuka juu ya uso wa awali kwa theluthi moja hivi, na theluthi mbili inatokana na chuma kilichogeuka. Ukiivua, kila upande umepoteza kama mikroni 7, na kostiki inaongeza yake. Kirungu hakitajua tofauti. Tundu la bearingi limepanuka kwa mikroni 14 au zaidi, na bearingi iliyoingia kwa kusukumwa sasa inaingia kwa kudondoka. Vipande vya namna hiyo vizibwe tundu kwa kizibo cha mpira kinachobana kabla ya kuingia kwenye asidi na kabla ya kuingia kwenye kostiki, au tundu likerezwe mwisho, baada ya rangi kukauka.